Jana na Kesho Katika Neno Moja

Mushiya hakupenda kurudia jambo, na tabia hiyo hakuitoa kwenye kompyuta, alizaliwa nayo. Mama yake akimtuma chumvi, kisha akamwita tena mlangoni kumkumbusha ile chumvi, mtoto alishika kiuno na kujibu kwamba chumvi ameisikia, labda mama ana kitu kingine. Mama Kapinga alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Aliwaambia majirani kwamba huyu ataolewa na bubu, ndipo nyumba yao itapata amani. Leo Mushiya ni mwanamke mzima, bubu bado hajatokea, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta katika ofisi ya Stany, vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, pale mjini Kolwezi, Kongo. Na kama kuna kazi yenye kurudia-rudia hapa duniani, ukiifanya vibaya, ni hiyo.

Lakini kabla ya kompyuta lazima mlijue neno moja, la sivyo mtanisumbua kwa maswali huko mbele. Mushiya ni wa ukoo wa Kasai. Babu yake aliletwa na mgodi zamani za Wabelgiji, akazaa, akazeeka, akazikwa huku huku, na wajukuu wake wanaongea Kiswahili cha Kolwezi kama kila mtu. Ndani ya nyumba ya Mama Kapinga, hata hivyo, ni Tshiluba, lugha ya kwao Kasai. Na katika Tshiluba siku iliyotangulia leo na siku inayofuata leo zina jina moja: makelela. Ndiyo, jana ni makelela na kesho ni makelela. Msicheke. Watoto wa barabara yao walishacheka vya kutosha. Walimuuliza Mushiya kesho alikula nini, na jana atavaa nguo gani, mpaka siku moja akaingia nyumbani analia. Mama yake akamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge, akamkalisha.

"Makelela ni siku yenye iko pembeni ya leo," alimwambia. "Kama ilishapitaka ao iko inakuya, kitendo njo kitakuambia. Ukisema tulikula, bantu banajua. Ukisema tutakula, banajua. Luga yetu haina wazimu."

Mtoto alielewa, akanyamaza, akaenda zake kucheza. Akakua, akasoma, akasahau.

Sasa tuje kwenye kazi. Kuna mgodi, jina lake halitusaidii kitu, ambao shimo lake lilikuwa linapanuka kuelekea nyumba za zamani za wafanyakazi. Mstari wa mwisho wa nyumba hizo uko karibu kabisa na uzio, na ndipo anapokaa Mama Kapinga na wazee wenzake wa Kasai, wajane na wastaafu. Kabla ya kupasua mawe kwa baruti, watu wote wa mitaa ile lazima watoke, waende kungoja kwenye kiwanja cha parokia mpaka king'ora kiseme kwisha. Mawe yanaruka, ndugu zangu, na jiwe haliulizi kama uko jikoni au msalani. Kwa hiyo wenye mgodi wakataka programu ya kuwapigia watu simu jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa sauti ya mtu, na kila mmoja asikie katika lugha aliyoichagua mwenyewe: Kiswahili, Kifaransa, Kisanga, Kiluba cha Katanga, Tshiluba, Kilingala na nyingine. Stany akaichukua kazi hiyo kwa mikono miwili.

Aliyeanza kuiandika alikuwa Gracien, mtu mzima, mpole, mwenye imani moja tu maishani: kitu kinachotembea vizuri usikiguse. Aliandika ukurasa wa Kiswahili, ukatembea. Akaunakili kwa Kifaransa, akibadilisha majina tu. Akaunakili kwa Kisanga, kwa Kiluba, na kuendelea hivyo, mistari ile ile, kama mtawa anayesali rozari. Kisha wenye mgodi wakahamisha mahali pa kukusanyika kutoka shuleni kwenda parokiani. Gracien akapita kurasa zote akisahihisha, ila ule wa Kisanga ukamponyoka. Ilionekana kwenye majaribio, Mungu mkubwa; vinginevyo Wasanga wote wangejazana shuleni wakitazamana. Stany aligeuka rangi. Kazi akampa Mushiya.

Mushiya aliposoma zile kurasa alihisi kama anaitwa mlangoni tena kukumbushwa chumvi. Akaamua kutumia makro. Nyinyi mnajua kufyatua matofali: hukai chini kuchonga kila tofali kwa kisu. Unatengeneza kibao kimoja, unatia udongo, unagonga, tofali linatoka, na la mia linafanana na la kwanza. Makro ndiyo hiyo. Mushiya aliandika umbo la ukurasa mara moja tu, akaacha matundu ndani yake: hapa jina la lugha, hapa sauti ya siku, hapa sauti ya saa, hapa ya mahali. Pembeni akaorodhesha lugha zake. Halafu kuna ile hatua ambapo maandishi ya mtu yanageuzwa kuwa lugha ya mashine, wenyewe wanaita kukompile. Hapo kabla programu haijapiga simu hata moja, kompyuta yenyewe inachukua kibao, inajaza matundu, inafyatua ukurasa wa kila lugha bila mkono wa mtu. Ukitaka kubadilisha kitu, unabadilisha kibao, na lugha zote zinabadilika pamoja.

Alifurahi, nisiwafiche. Siku aliyofuta kurasa za Gracien alikuwa anaimba. Gracien alisimama nyuma yake akitazama jasho lake linavyopotea kwenye kioo cha kompyuta, akasema kwa upole kwamba kufa mara moja kunatosha, lakini yeye ameuawa mara moja kwa kila lugha. Wakacheka wote wawili, ingawa kicheko cha Gracien kilikuwa na kikohozi ndani.

Shida ni kwamba kibao kinachongwa kwa kutazama tofali fulani. Mushiya alichonga chake akitazama Kiswahili na Kifaransa. Kwa Kiswahili tangazo lilikuwa hivi: kupasua mawe, kesho, saa tisa ya mchana, parokia. Fupi, safi, kama tangazo la gari moshi. Kitendo cha nini? Kesho ni kesho, hata mtoto anajua.

Kwa sauti ya Tshiluba alimchukua mama yake. Mama Kapinga alikuja ofisini amevaa kitenge cha Pasaka, akapanda ngazi akishika ukuta, akawasalimia wote kwa mkono hadi mteja aliyekosea mlango. Mbele ya kinasa sauti aliongea kama anaongea na watu wenyewe: kwamba watapasua mawe makelela, wapendwa, mtoke mapema, muende parokia, muwashike wazee mkono, msirudie vyombo. Sauti nzuri, nzito kidogo, hata Stany aliacha simu yake kusikiliza. Baadaye Mushiya akakaa na kukata. Akachukua "kupasua mawe" kutoka pale alipomwomba aliseme peke yake, akachukua "makelela", akachukua saa, akachukua parokia, na yaliyobaki akayatupa. Mama alikuwa bado amekaa pale, ameshika glasi ya Fanta.

"Juu ya nini unanikatakata kama majani ya lengalenga?" aliuliza.

Mushiya alimjibu kwamba mashine haina nafasi ya maneno mengi, inataka vipande. Hakumjibu vibaya. Lakini alijibu bila kugeuza kichwa, na mama akamaliza Fanta yake, akashuka ngazi.

Majaribio yalikwenda vizuri. Simu zililia, kila lugha ikapata sauti yake, saa ikibadilishwa ilibadilika kote. Gracien aliuliza kama kila tangazo limesikilizwa na mwenye lugha. Mushiya akasema Tshiluba ameisikiliza yeye mwenyewe, zile nyingine zimeletwa na waliorekodi wenyewe. Na kweli aliisikiliza. Tatizo ni kwamba yeye alijua tayari kuwa ni kesho, kwa hiyo alisikia kesho. Masikio ya mtu yanasikia anachokijua. Hapo ndipo simlaumu, maana ni nani kati yetu hajawahi kusoma barua yake mwenyewe bila kuona kosa?

Jioni ya kuamkia kupasua mawe simu zikalia mitaa yote. Kwenye mstari wa mwisho wazee wote walikuwa wamechagua Tshiluba, kwa heshima ya Mama Kapinga. Nani ataacha sauti ya jirani yake achukue ya mgeni? Mama Kapinga aliweka simu yake kwa sauti kubwa, akatabasamu kama bibi harusi. Kupasua mawe. Makelela. Saa tisa ya mchana. Parokia. Mzee Tshiamala, aliyeendesha treni ya mgodi miaka na miaka na bado anapenda kuamua mambo, akakunja uso. Jana yake, upande mwingine kabisa wa mji, shimo jingine lilikuwa limepasua mawe mchana, na madirisha yote ya mstari ule yalitetemeka. Akasema hawa watu wamekuwa kama gazeti, wanaleta habari ikiwa imeshaoza. Parokia nayo? Labda wanatuambia tulipaswa kwenda, akasema, tumwombe Mungu asante kwamba hatukufa. Watu wakacheka.

Mama Kapinga peke yake alisita. Alikumbuka vizuri kwamba ofisini alisema watapasua. Kitendo chake alikisema, na sasa hakikuwapo. Akaliwaza jambo hilo wakati anafunika makaa, na akafikia jibu ambalo, mkilipima, lina akili kamili: wamekitoa makusudi. Kama wangetaka kusema kesho, wangekiacha. Binti yake amesoma, hawezi kutupa neno bure. Akalala.

Kesho yake Mushiya alikuwa kwenye kiwanja cha parokia tangu mapema. Watu walikuwa wanaingia na mikeka, na radio, na kuku wamefungwa miguu, na kila kundi lililoingia lilimtia joto moyoni. Wasanga walikuja. Waluba wa Katanga walikuja, mwanamume mmoja akimtania mkewe kwamba simu imemwita kwa jina. Stany alikuwa anapita katikati yao kama mchungaji siku ya mavuno. Ilikuwa siku yake Mushiya, na alistahili.

Kisha akaanza kutafuta kigoda cha mama yake. Mama Kapinga haketi chini, magoti yanamkataa. Anatembea na kigoda chake cha kamba. Mushiya alizunguka kiwanja chote. Hakuna kigoda. Hakuna mzee Tshiamala na kofia yake. Hakuna mtu hata mmoja wa mstari wa mwisho. Saa tisa ilikuwa inakaribia. Akapiga simu.

Mama alipokea, nyuma yake sufuria inagongwa. Yuko nyumbani, alisema, anasonga bukari, ugali wa mchana. Tata Tshiamala na wenzake wako hapo nje, wanacheza dame, yaani drafti, kwenye kivuli cha uzio.

"Mama, juu ya nini hamukuye? Telefone haikulia?"

"Ililia, mwana. Ilisema makelela. Si njo ile ya juzi, ile ilitikisa madirisha?"

Hapo Mushiya akaelewa. Neno lile alilolililia utotoni, lililofutwa kwa ncha ya kitenge, lilikuwa limerudi mbele yake, na safari hii aliyelivua kitendo chake alikuwa yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Alimshika Stany shati. Stany alikuwa na namba ya mkuu wa usalama wa mgodi, akaanza kuuliza kama ana hakika, kama haiwezekani kwamba wazee wamechelewa tu.

"Shefu, simamisha. Kosa ni yangu. Tutaongea nyuma," alimwambia, akakimbilia pikipiki ya kwanza aliyoiona.

Stany, kwa sifa yake, aliacha kuuliza, akapiga simu. Kule shimoni walikuwa wanajiandaa kupiga king'ora cha mwisho. Walisubiri. Mushiya hakujua kwamba wanasubiri. Njia nzima alikuwa ameinamisha shingo, kana kwamba shingo yake ingezuia jiwe. Alipofika mstari wa mwisho, wazee walikuwa wameinama juu ya dame yao, wametulia kabisa. Akawaambia wainuke. Mzee Tshiamala, bila kuinua macho, akamweleza kwa subira kwamba mambo hayo yalikuwa juzi. Ndipo Mushiya, ambaye miaka yote hiyo mama akimwita kwa Tshiluba yeye alijibu kwa Kiswahili, akasimama katikati ya barabara akasema kwa Tshiluba sentensi nzima, na kitendo chake mwishoni mwa pumzi: watapasua. Leo. Sasa hivi.

Mzee aliinua macho. Aliitazama ile dame, alikuwa anashinda, akaiacha. Wakatoka, wakishikana mikono, na pikipiki nyingine zilizotumwa na Stany zikawakuta njiani. Mama Kapinga alitaka kurudi kufunika mbabula, jiko lake la makaa. Binti yake akamshika kiuno kama mtu anayebeba gunia, akampakia na kigoda chake.

Mawe yalipasuliwa wakiwa wote parokiani. Waliporudi, bati la jiko la Mama Kapinga lilikuwa na tundu, na jiwe la ukubwa wa ngumi lilikuwa limekaa ndani ya sufuria ya bukari. Mama alilitoa, akalifuta, akaliweka juu ya meza. Akaanza kusonga bukari nyingine. Mushiya alikaa pale mlangoni akalia, na mama akamwacha alie.

Siku iliyofuata alifika ofisini na uamuzi wake: anafuta makro, anarudi kwenye kurasa za kunakili, moja moja, kwa mkono, na Stany akitaka amfukuze. Stany alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo, akaimwaga yote. Aliyeokoa siku hiyo ni Gracien, ambaye angeweza kabisa kukaa kimya akafurahi. Alingoja Stany achoke, kisha akavuta kiti.

"Mi ningeliandika kosa ile ile fasi zote, kila ukurasa," alisema, "na tungelitafuta mwezi muzima. Ya kwako iko kosa moja, fasi moja. Usivunje kibao, Mushiya. Ongeza tundu."

Mdharau mwiba mguu huota tende, na Mushiya alikuwa ameudharau mwiba wa kitendo. Basi akaongeza tundu. Kibao kipya kilidai kutoka kila lugha si neno la siku tu, bali pia kitendo kinachosema kama siku hiyo imepita au inakuja, na tundu hilo likiachwa wazi kompyuta inagoma kukompile, haitoi programu hata kidogo. Ndiyo uzuri wa kufyatulia mapema: kosa linakamatwa mezani, kabla halijafika kwenye sikio la mzee yeyote. Alipojaribu, mashine ilikataa lugha zote, moja baada ya nyingine, hata Kiswahili na Kifaransa ambazo hazikuwa na shida. Akaziacha zikataliwe. Zijaze nazo, alisema, hakuna mtoto wa kwanza hapa. Na katika kujaza ndipo walipogundua kwamba Kilingala nacho, na "lobi" yake, kina ugonjwa ule ule. Ni bahati tu kwamba mitaa ile hakuna aliyekichagua.

Mashine inapokataa, aliyeandika programu anaweza kuichagulia maneno ya kukatalia. Watu wengi huandika kitu kikavu, chenye namba. Mushiya alikaa kidogo, akaandika ya kwake. Kisha akashuka ngazi, akaenda kumwomba mama yake aje arekodi upya. Mama alivaa tena kitenge cha Pasaka. Safari hii aliongea, na binti yake hakukata neno.

Mvua mbili zimepita. Mstari wa mwisho siku hizi ndio wa kwanza kufika parokiani, mzee Tshiamala mbele na dame yake kwapani, akiwaeleza watu kwamba mambo haya yeye alishayaonya. Mwezi uliopita zimehamia mitaa ile familia kadhaa kutoka Sandoa, wakaomba Kilunda chao. Stany akampa Gracien kazi hiyo, maana sasa ni ndogo: mstari mmoja kwenye orodha, sauti chache, basi. Gracien alirekodi siku kwa sauti ya mama mmoja wa huko Sandoa, akarekodi saa, akaandika mstari wake kwa haraka, akabonyeza.

Mashine ikakataa. Gracien akasogeza miwani, akasoma kwa sauti maneno yaliyotokea kwenye kioo:

"JANA AO KESHO? UKAULIZE MAMA."

Mushiya, kwenye meza yake, alinyoosha mkono tu akamsogezea kinasa sauti. Gracien akakitia mfukoni, akachukua kofia yake, akateremka ngazi kwenda kumtafuta yule mama wa Sandoa anayeuza mihogo nje ya duka la vipuri.